SOMO: Kusafiri kwa ndege kutoka Songwe bila presha, kuanzia tiketi mpaka kufunga mizigo

Habari za saizi ndugu zangu wa Mbeya, Njombe, Iringa na wote wa huku kwetu kwenye baridi. Likizo zikikaribia maswali ya wanaopanda ndege mara ya kwanza ni yaleyale, sasa nayaweka yote hapa. Kubwa kuliko yote, safari ya ndege inaandaliwa jana yake, asubuhi ya safari kazi yako iwe kuoga na kutoka tu.

1. Tiketi. Isome kabla hujalipa. Jina liwe vilevile kama kwenye kitambulisho cha NIDA au pasipoti, herufi kwa herufi. Halafu angalia saa, hapa watu wanalia sana. 07:00 ni saa moja asubuhi, sio saa saba, saa saba mchana inaandikwa 13:00. Na ukiona tarehe 15 saa 00:40 ujue unatakiwa uwe uwanjani usiku wa tarehe 14, ukienda tarehe 15 jioni ndege ilishaondoka zamani.

2. Mizigo. Kilo zako zimeandikwa kwenye tiketi, usimuulize jirani maana kila shirika lina zake, wengi wanatoa 23 begi la chini, lile unalokabidhi kaunta, na kama 7 la mkononi. Sasa sisi huku hatuendi kwa watu mikono mitupu, mtu anabeba mchele wa Kyela, maharage, parachichi, na kiroba cha kilo 25 peke yake kimeshazidi hata nguo hujaweka. Pima nyumbani, kama huna mzani peleka begi duka la nafaka wakupimie, ni bora upunguze ukiwa sebuleni kuliko kufungua begi mbele ya foleni. Parachichi chukua ngumu kabisa, zenye kikonyo bado, viringisha moja moja kwenye gazeti, zikae katikati ya nguo, zisiguse ukuta wa begi. Asali usijaze chupa mpaka juu, kaza kifuniko, zungushia selotepu, ndo uweke kwenye mfuko uliofungwa vizuri.

Mkononi beba vile ambavyo begi likichelewa utateseka: vitambulisho, dawa, hela, chaja, nguo moja ya kubadili. Pawabenki nayo ni ya mkononi LAZIMA, betri ya lithiamu ikishika moto chini kwenye mizigo hakuna wa kuiwahi, huku juu wahudumu wanaiona. Kikomo cha kawaida ni 100 Wh (Wh ni kipimo cha nishati ya betri), kwahiyo ile ya 20,000 mAh iko salama, ni kama 74 Wh. Kisu, mkasi, wembe viende chini. Kama unaenda nje ya nchi, lotion na pafyumu za mkononi kila chupa isizidi ml 100.

3. Kufika uwanjani. Uwanja wa Songwe sio Mbeya mjini jamani, ni kilomita zaidi ya 20 barabara ya kwenda Tunduma, na malori yakikwama mlima Iwambi hakuna njia ya kukata. Ongea na dereva jana yake, uwe uwanjani masaa mawili kabla.

4. Ukungu. Kuna asubuhi ukungu unaweza kufunga kabisa, rubani haoni njia, ndege inachelewa au inarudi Dar. Kama una ndege nyingine ya kwenda nje, nakuomba sana usiunganishe siku hiyohiyo, tangulia ulale Dar. Na ukifika pale utashukia Terminal 2, ndege za nje ziko Terminal 3, ni jengo lingine, panga muda wa kuhama.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Mdau wa Uyole: Mke wangu ana mimba ya miezi saba, wataruhusu?
Jibu: Mashirika mengi kuanzia wiki ya 28 yanataka barua ya daktari, na wiki ya 36 kwenda juu wengi wanakataa. Piga simu kwa shirika kabla ya kukata tiketi, barua iandikwe karibu na siku ya safari.

Mdau wa Kyela: Ugonile kaka, naweza kubeba samaki wakavu?
Jibu: Ndani ya nchi sawa, begi la chini, funga mifuko mitatu juu ya mwenzake harufu isitoke. Nje ya nchi waache, nchi nyingi wananyang'anya vyakula mpakani.

Mama wa Mafinga: Mtoto ana miezi nane, naogopa masikio.
Jibu: Mnyonyeshe ndege ikipaa na hasa ikianza kushuka dada angu, kule kumeza ndo kunafungua masikio. Usimwache asinzie wakati wa kushuka. Na cheti chake cha kuzaliwa usisahau, kiweke pamoja na kitambulisho chako.

Mdau wa Tukuyu: Nikiambiwa ndege imeahirishwa kwa ukungu nirudi nyumbani?
Jibu: Usiondoke kaunta kabla hujapewa siku nyingine kwa maandishi, hata meseji tu. Begi kama walishalipokea lidai kwanza, ile stika ya mzigo uliyopewa ishike mkononi.