Wenye leseni za bunduki Nakuru: namna ya kuomba sheria irekebishwe

Kama una leseni ya bunduki na unataka Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, ibadilishwe, amua kwanza unaomba nini hasa. Sheria hii ilitungwa miaka ya 1950, mkoloni bado yupo, na imetiwa viraka mara nyingi tangu hapo. Ukisimama useme "irekebishwe yote", wenzako watakupigia makofi na mbunge atakusahau kabla ya kufika kwa gari lake. Chagua jambo moja au mawili, yanayoweza kuingia katika kifungu kifupi.

Kundi letu la wafugaji wa Solai na Rongai lilichagua mawili. La kwanza ni kwamba anayenyimwa leseni, au kukataliwa kuihuisha, apewe sababu kwa maandishi ndani ya muda utakaotajwa na sheria yenyewe. Hapa tuna pa kusimama: Ibara ya 47 ya Katiba inampa haki ya kuandikiwa sababu kila mtu ambaye haki yake imeguswa na uamuzi wa serikali, na Sheria ya mwaka 2015 kuhusu utendaji wa haki wa kiutawala imelifafanua jambo hilo.

La pili linatoka nyumbani kwangu. Mume wangu alipofariki aliacha bunduki ya marisau ndani ya sefu. Cheti cha kumiliki bunduki ni cha mtu binafsi, hakirithiwi pamoja na ng'ombe na shamba. Basi wiki ile ya matanga, boma limejaa watu, mimi ninakaa na silaha ambayo kisheria sina ruhusa ya kuwa nayo. Niliipeleka habari kituoni, nikawekwa kwenye benchi tangu asubuhi hadi saa tisa, nikihojiwa kama mshukiwa. Silaha ikachukuliwa, na nikarudi nyumbani bila hata kipande cha karatasi. Ilibidi shemeji anisindikize tena kwenda kudai hati. Leo nina leseni yangu mwenyewe, lakini sitaki mjane mwingine apitie hayo. Tunaomba kifungu kinachosema wazi: familia inapewa siku kadhaa za kuripoti bila kuhesabiwa mkosaji, afisa anakuja kuichukua silaha nyumbani, na risiti yenye nambari ya bunduki inaandikwa papo hapo.

Ukishajua unachotaka, acha maneno ya Marekani. Katiba ya kule ina kifungu kuhusu raia na silaha tangu 1791. Yetu ya 2010 haina. Hapa leseni ni ruhusa yenye masharti. Ukimwambia mbunge "ni haki yangu kubeba bunduki" umejifungia mlango mwenyewe. Mwambie unataka utaratibu ulio wazi, hapo utakuwa na Katiba nyuma yako.

Kisha nenda kwa wasio na bunduki. Hii ndiyo kazi yenyewe, na wengi wetu huikwepa. Nakuru hii, kuanzia Molo hadi Naivasha, watu hawajasahau ghasia za baada ya uchaguzi za mapema mwaka 2008. Hofu yao ni ya kweli na inastahili jibu. Omba nafasi kwenye baraza la chifu, ingia bila silaha, zungumza dakika chache, halafu sikiliza. Kwetu mama mmoja aliuliza, "Na zikiibwa kwenu zije kutumiwa kwetu?" Tulimweleza sefu inavyofungwa kwa nati ukutani, na kwamba mwishoni mwa 2018 kila raia mwenye leseni aliagizwa akaguliwe upya. Hakuridhika, akataka tuongeze kwenye ombi kwamba silaha ikipotea iripotiwe mara moja. Tuliliandika. Ombi letu likawa na nguvu kuliko lilivyokuwa, na yeye akatia sahihi.

Usipoteze muda kwenye bunge la kaunti, maana polisi na usalama ni kazi ya serikali kuu. Peleka Bunge la Taifa. Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge litunge, lirekebishe au lifute sheria, na Sheria ya mwaka 2012 inayohusu maombi hayo inaeleza jinsi ya kuandika. Kiswahili kinakubaliwa. Lugha iwe ya heshima, pasiwe na kufutafuta wala kuchomeka maneno kati ya mistari, na mada itajwe juu ya kila ukurasa. Sema ni ofisi gani mlizokwishaziendea na kama jambo hilo liko mahakamani. Malizia kwa ombi lenyewe, kwa mfano: "Kwa hivyo waombaji wanaliomba Bunge lirekebishe Sheria ya Silaha ili familia ya mwenye cheti aliyefariki iweze kusalimisha silaha bila kushtakiwa, na ipewe risiti."

Hapa uwe mwangalifu sana. Kila mwombaji huandika jina, anwani, nambari ya kitambulisho na sahihi, na karatasi hiyo itapita mikono mingi. Orodha ya wenye bunduki pamoja na makazi yao ni zawadi kwa majambazi. Msiandike popote nani ana silaha. Changanyeni sahihi za wenye leseni na za majirani, na jina la kundi lisitaje bunduki.

Takwimu usizitunge. Iandikie Bodi ya Leseni za Silaha chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, uulize maombi mangapi yanasubiri na kwa muda gani. Wana siku 21 za kujibu. Usiulize majina. Wakinyamaza, peleka lalamiko kwa Tume ya Haki za Utawala, na barua ile isiyojibiwa uiambatishe.

Nakuru ina wabunge 11 wa maeneo bunge, pamoja na mwakilishi wa wanawake. Tafuta kama kuna aliye kwenye kamati inayoshughulikia usalama wa ndani. Akikubali kuliwasilisha ombi, vizuri, la sivyo lipeleke kwa Karani wa Bunge na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Mkiitwa mbele ya kamati, apelekwe mtu mwenye kisa na mtu anayejua vifungu, wawili wanatosha. Hongo msitoe hata ya chai.

Kamati ikikataa, bado kuna njia ya kanuni, ambazo Waziri hutunga chini ya Sheria hiyohiyo. Kwa mujibu wa Sheria ya 2013 kuhusu kanuni kama hizo, umma hushauriwa, na kanuni hufikishwa Bungeni baada ya kuchapishwa. Suala la risiti kwa mjane linaweza kutatuliwa huko, kwa hivyo fuatilieni Gazeti Rasmi la Serikali, na maoni yenu yawe yameandikwa tayari siku tangazo likitoka.