Mchungaji akihama, msimuage kwa hotuba tu

Mkimuaga mchungaji au mzee wa kanisa, punguzeni hotuba. Katika Matendo 20, wazee wa Efeso walipoagana na Paulo kule Mileto walipiga magoti wakaomba, wakalia sana, kisha wakamsindikiza mpaka merikebuni. Nanyi mwombeeni kwa kumwekea mikono, yeye na mwenzi wake na watoto (hao husahaulika mno, na ndio wanaoacha marafiki). Badala ya "ametufanyia mengi", mtu aseme jambo moja tu: "Ulikaa nami wodini usiku ule mama alipokuwa mahututi." Zawadi apewe mapema, si gari likiwa linanguruma. Na aliyekosana naye amtafute kabla ya siku hiyo, faraghani, si kwenye maikrofoni.