Jinsi ya kufundisha watoto spishi vamizi bila kitabu kuwaboesha

Kitabu cha sayansi kitakupa picha ya gugu maji, ule mmea unaelea Ziwa Victoria, maelezo kidogo, maswali, basi mnafungua topiki ingine. Mtoto wa Nairobi anakariri ya mtihani alafu inaenda. Kwa hivyo usianze na Ziwa Victoria, anza na fensi ya shule. Lantana imejaa hii mitaa yetu, ile ya maua madogo madogo ya manjano na pinki kwa kishada kimoja. Waambie wasugue jani wanuse, wapapase shina waskie vile lina pembe nne na vimiiba. Matunda hakuna kuonja, hasa yale mabichi, ni sumu. Sasa uliza, nani alipanda hii? Hakuna. Ni ndege walikula matunda huko kwingine wakaja kutoa mbegu na mavi hapa, na hapo darasa litacheka mpaka basi, lakini hiyo hawasahau.

Ndio sasa mfungue kitabu. Pahali pa kukaa sana ni hapa: si kila mgeni ni mvamizi. Jakaranda zetu zimetoka Amerika Kusini, mahindi ya ugali pia si ya huku, na hakuna mtu analia. Mvamizi ni mgeni anazaana bila breki na anaumiza wenyeji. Wapange wenyewe kwa daftari, wabishane, usiwakatize.

Kwa gugu maji tumia maharagwe. Weka moja kwa dawati, sema hii ni mmea mmoja na kila wiki mbili unaongezeka maradufu, wahesabu 2, 4, 8, 16... wakifika mara ya kumi ni 1,024 na maharagwe yameisha kitambo, hapo hata hesabu umefundisha.

Mbuta, yule samaki mkubwa wa Ziwa Victoria, na mathenge, ule mti wa miiba, ni za mjadala, juu zililetwa makusudi. Mbuta imeleta pesa lakini ikamaliza fulu wengi, wale samaki wadogo wenyeji, ziwani. Mathenge ilipandwa Baringo kuzuia jangwa, maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi, watu wakashtaki serikali na mbuzi kibogoyo akapelekwa kortini. Hiyo waigize, kila mtu atataka kuwa mbuzi.

Na ujipange, ukisema kuna wadudu waliletwa kula gugu maji, kuna mmoja atauliza, "Na hao wadudu si pia ni wageni?" Mjibu kwamba kwanza walipimwa kama watakula mimea mingine.