Somo: Kufunga siti ya vali ya oili kwenye silinda hedi isilegee baada ya kuskimu

Somo hili ni la wanaofungua hedi za alumini zenye tapeti za oili (zinazojirekebisha uwazi kwa presha ya oili), hasa magari ya Ulaya ya miaka ya 1980 na 1990 ambayo bado yapo barabarani. Kwenye baadhi ya hedi hizo, lile tundu linalopandisha oili kutoka kwenye bloku lina kavali ka njia moja: gololi, springi, na siti ya chuma iliyogongewa ndani kwa kubana. Injini ikizimwa, gololi inakaa kwenye siti na oili haishuki yote kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini). Asubuhi unawasha, tapeti hazigongi.

Kwenye aina ambayo siti inaingilia chini, upande wa gasketi, kinachoizuia isitoke mara nyingi ni alumini ya hedi yenyewe iliyolazwa kwa panchi juu ya ukingo wa siti. Sasa gari limechemsha, hedi imepelekwa kuskimiwa (kusawazishwa uso kwa mashine). Mashine inakula uso kidogo tu, na ile alumini iliyolazwa inakwenda na vumbi lake. Hedi inarudi inang'aa, mwenye gari anafurahi, kumbe siti imebaki na mbano peke yake.

Mbano huo ni mdogo kuliko unavyofikiri. Chukua siti ya chuma yenye kipenyo cha milimita 12. Joto likipanda kutoka nyuzi 20 hadi 120, tundu la alumini linatanuka kama milimita 0.028, siti inatanuka kama 0.014. Umepoteza karibu "mia" moja na nusu ("mia" moja ni sehemu moja ya mia ya milimita, yaani 0.01). Kama siti ilibanwa kwa mia mbili, injini ikiwa moto imebaki nusu ya mia. Na tundu lililowahi kuchokonolewa huenda hata hizo mbili halina. Siti haihitaji kuanguka kabisa ili ikuharibie kazi. Ikilala upande kidogo, gololi haizibi tena, na njia ya oili kwenda kwenye kemshafti inaweza kupungua.

Hatua ya 1. Skimu kwanza, ndipo ushughulike na siti. Ukifunga siti kabla, utaifungua mwenyewe kwa mashine.

Hatua ya 2. Ipime kama bado inashika. Chora mstari mwembamba unaovuka siti na hedi kwa pamoja. Pasha hedi mpaka karibu nyuzi 100 (beseni kubwa la maji yanayochemka linatosha, kausha vizuri baadaye), kisha gusa siti kwa kijiti cha shaba huku ukiisukuma kuizungusha. Mstari ukihama, siti imelegea. Ikiwa haijasogea, nenda hatua ya 5 moja kwa moja.

Hatua ya 3. Iliyolegea itoe, toa na gololi na springi, osha tundu kwa petroli na umalizie kwa asetoni. Usipitishe msasa. Chembe moja ikibaki juu ya gololi, vali itavuja hata siti ikiwa mpya. Pima tundu na siti kwa maikromita, venia haitoshi kwa kazi ya mia moja moja. Tundu likiwa limepanuka, mpelekee fundi wa mashine ya kukereza akutengenezee siti nene zaidi. Kuipiga siti vidoti pembeni ili "inenepe" ni kujidanganya: inashika kwenye vidoti tu, na vidoti hulegea.

Hatua ya 4. Hapa chagua njia moja. Kama mbano upo, pasha hedi nyuzi 120, siti ilale kwenye friza, kisha iingize kwa haraka mpaka ikae kwenye ngazi yake. Kama mbano ni hafifu, tumia gundi ya kushikia bearing inayovumilia joto, mfano Loctite 620 ambayo kiwandani imepewa hadi nyuzi 230, na uifanye hedi ikiwa baridi. Usichanganye njia hizi mbili: gundi ya namna hiyo hukauka haraka sana kwenye chuma cha moto, na siti inaweza kugoma katikati ya safari. Paka kidogo, ukutani mwa tundu, karibu na mdomo. Ukiipaka mbele ya siti itasukumwa hadi kwenye gololi.

Vyovyote vile, siti iishie chini kidogo ya uso wa hedi. Isichomoze hata kidogo.

Hatua ya 5. Hii ndiyo kufunga kwenyewe. Tumia panchi yenye ncha butu ya mviringo, iwe mbali na ukingo wa tundu kama milimita moja na nusu, uielekeze kidogo ndani. Piga sehemu nne, moja halafu ya mkabala wake. Unataka alumini iliinamie siti, hutaki siti yenyewe ipigwe: ukiigusa inapinda na gololi haikai tena. Siti iwe na ukingo uliochongwa mshazari, la sivyo alumini haina pa kulalia. Ukiona ufa mwembamba, acha hapo hapo, hamia sehemu nyingine.

Hatua ya 6. Kupiga panchi huinua vinundu pembeni. Visawazishe kwa jiwe la mafuta lililonyooka, halafu weka rula na fila geji (vipande vyembamba vya kupimia uwazi) kuona kama uso umenyooka.

Hatua ya 7. Rudia kipimo cha moto. Kisha jaza oili upande wa juu wa vali na uiache usiku kucha. Kulowana kidogo si neno. Ikidondoka matone mfululizo, gololi haijakaa.

MASWALI

Swali: Mkuu, nikitumia silikoni ya gasketi badala ya hiyo gundi?
Jibu: Hapana. Vipande vyake huvunjika na kwenda na oili mpaka kwenye tapeti.

Swali: Fundi wangu kasema tuing'oe vali yote, gari litatembea tu. Ni kweli?
Jibu: Litatembea, kaka, lakini tapeti zitagonga kila asubuhi. Halafu angalia: kwenye baadhi ya injini kifaa hicho hicho ndicho kinachopunguza oili inayopanda. Ukikiondoa, juu kunafurika na presha ya bearing za kreni (krankshafti) inapungua. Kwa nini ulipie injini ili kukwepa kazi ya panchi?

Swali: Nina Toyota ya 1NZ-FE, inagonga ikiwa baridi. Nifungue hedi niangalie hii?
Jibu: Usiifungue. Tapeti za 1NZ-FE si za oili, uwazi wake hupimwa kwa fila. Anza na uwazi huo, kisha cheni na tenshena yake.

Swali: Baada ya kufunga, niwashe tu?
Jibu: Kata mafuta kwanza, zungusha kwa stata kidogo kidogo mpaka taa ya oili izime, ndipo uwashe. Tapeti zikiendelea kugonga dakika chache za mwanzo, subiri hewa itoke. Taa ikigoma kuzima, usiwashe.