Jinsi ya kujifua kwa usaili wa shule pamoja na wenzako mtandaoni

Makundi mengi ya mazoezi hufa mapema kwa sababu watu hurushiana orodha za maswali na hakuna anayejibu kwa sauti. Utaratibu ninaoutumia ni huu.

1. Kuweni watatu. Mmoja anasaili, mmoja anasailiwa, wa tatu anatazama na kuandika. Ikiwezekana, msiwe mnaomba nafasi ileile. Mshindani wako hata akiwa rafiki hukupa maoni nusunusu.

2. Jueni usaili wenyewe ulivyo. Usaili wa vituo, uliobuniwa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada na sasa unatumika sana katika shule za udaktari, hukupa muda mfupi wa kusoma tukio, dakika chache za kulijadili, kisha unahamia kwa msaili mwingine. Oxford, waliohamishia usaili wao mtandaoni mwaka 2020, hukupa tatizo la somo lenyewe na kukutazama unavyolifikiria. Wa kwanza unahitaji saa mezani. Wa pili unahitaji uzoee kufikiri kwa sauti, hata pale unapokwama.

3. Gawaneni muda. Zoom ya bure hukata mkutano baada ya dakika 40. Dakika nane za maswali na nne za maoni kwa kila mtu zinafanya 36, na salamu zinapata nafasi. Kamera ziwashwe.

4. Msaili achimbe. Hapa ndipo penye kazi. Swali la kwanza kila mtu amelikariri. La pili ndilo linalomfunua. Mfano:

– Kwa nini uuguzi?
– Napenda kusaidia watu.
– Mwalimu naye anasaidia watu. Mbona hukuchagua ualimu?

Kimya kitakachofuata msikijaze. Mwacheni atafute, kwa sababu jibu lake la kweli liko hapo: pengine alimuuguza bibi yake, akaona namna muuguzi alivyombadilishia kidonda bila kumdhalilisha. Hilo halimo kwenye majibu ya kukariri. Msaili asiandae zaidi ya maswali matatu. Mengine yote ayatoe kwenye majibu anayoyasikia. “Kwa mfano?” na “Ulifanya nini wewe mwenyewe?” yanatosha kumbana mtu vizuri. La pili lina faida zaidi kwa wale wanaosema “tulifanya, tuliamua” mwanzo hadi mwisho.

5. Mtazamaji asome alichoandika. “Umejitahidi” si maoni. Aandike maneno yaleyale yaliyosemwa, kisha ayasome: “Uliulizwa kuhusu udhaifu wako, ukajibu kwamba unafanya kazi kupita kiasi.” Mara nyingi mhusika atacheka mwenyewe. Halafu ataje kitu kimoja tu cha kurekebisha, na msailiwa arudie jibu hilohilo papo hapo. Akipewa makosa saba hatarekebisha hata moja.

6. Rekodi kwa ridhaa. Msailiwa pekee ndiye abaki na video, wengine wafute. Aitazame mara moja bila sauti, aone macho yanakokimbilia. Mara nyingi ni kwenye karatasi ya majibu iliyobandikwa kando ya skrini, na msaili huiona hiyo upesi kuliko unavyodhani.

Mwenzenu akishafanya usaili halisi, msimuulize aliulizwa nini. Baadhi ya shule huwataka waombaji waahidi kutotoa maswali, na kuvunja ahadi hiyo kunaweza kumgharimu nafasi. Muulizeni kama muda ulimtosha na kama alikatizwa akijibu, kisha badilisheni mazoezi yenu kulingana na hayo.