Kurudisha uhai kwenye ardhi ya mgodi kwa tope la maji taka, hatua kwa hatua

Nimetoka kumsaidia rafiki yangu kufufua kipande cha ardhi kilichoachwa na mgodi, marudio (mchanga uliobaki baada ya kutoa madini) yamemwagwa juu, magwangala (mawe yasiyo na madini) yamerundikwa pembeni, na kwa miaka mingi hata magugu yalikuwa yamekataa kuota. Alikuwa ananipigia simu kila jioni, nikaona bora niandike yote mara moja maana najua wapo wengi wanaohangaika na ardhi ya namna hiyo.

Kwa ufupi, ardhi ya mgodi imekosa vitu vitatu: mboji, chakula cha mimea, na pH (kipimo cha asidi, ikiwa chini ya 7 ni asidi) ambayo mzizi unaweza kuivumilia. Mtambo wa kutibu maji taka unatoa tope lenye viwili vya kwanza, na mara nyingi wenyewe wanatafuta pa kulipeleka. Mtambo wa kusafisha maji ya kunywa nao una tope lake, la shabu (chumvi ya alumini ya kutuliza uchafu wa maji) au la chuma, hilo lina kazi nyingine nitaifikia. Na sio kitu cha kubahatisha: Leadville, Colorado, kule Marekani, mabaki ya mgodi yaliyokuwa yamesombwa hadi kando ya mto Arkansas yaliwekwa tope pamoja na chokaa mwishoni mwa miaka ya 1990 nyasi zikarudi. Palmerton, Pennsylvania, mlima uliobaki kipara kwa moshi wa kuyeyusha zinki ulipandwa upya kwa tope lililochanganywa na majivu ya makaa ya mawe.

Hatua ya 1: Tembelea kiwanja mvua ikinyesha

Angalia maji yanatokea wapi na yanaenda wapi. Maji yenye rangi ya kutu ni dalili mbaya. Kama watu walikuwa wanakamatisha dhahabu kwa zebaki hapo, sehemu zinazotuama maji usiziwekee tope kabisa, kwa sababu kwenye matope yasiyo na hewa kuna bakteria wanaogeuza zebaki kuwa methilizebaki, sumu inayopanda hadi kwenye samaki, na wewe ukiwaletea mboji umewapa chakula.

Hatua ya 2: Pima asidi, ya leo na ile iliyojificha

Hapa ndipo nilipoteza mwaka mzima kwa hiyo nivumilie nikiwa mrefu.

Kiwanja changu cha kwanza nilipima pH nikapata 5.8. Nikafurahi, nikaweka chokaa kidogo, nikamwaga tope, nikapanda, nyasi zikaja nzuri mpaka watu wakaja kupiga picha. Msimu wa pili wa mvua zikaanza kuwa njano kwa mabaka, mitaro ikatoa maji ya kutu, nikapima tena: 3.1. Kila kitu kikafa, na kazi yote ya kubeba tani na tani ikaenda bure.

Kilichotokea ni hiki. Kwenye mwamba wa migodi mingi kuna pairati, yaani chuma na salfa vimeshikana. Ikiwa chini ardhini haina shida, ila ikisagwa na kukutana na hewa na maji inageuka asidi ya salfuriki polepole, inaweza kuendelea miaka na miaka. pH unayopima leo inakwambia asidi iliyokwisha kutoka tu, haikwambii iliyobaki ndani ya punje. Tena marudio mapya ya dhahabu yanaweza kukudanganya zaidi, kwa sababu sianidi, ile kemikali ya kuyeyushia dhahabu, inatunzwa kwenye pH ya juu ya 10 na wanaweka chokaa ili isigeuke gesi, sasa ile chokaa inatoka na marudio na inaficha asidi mpaka iishe.

Kwa hiyo pima mara mbili. Cha kwanza ni pH ya kawaida, udongo na maji safi, kipima pH ukiwa umekirekebisha asubuhi hiyo hiyo (karatasi za rangi mimi sizitaki kabisa, kwenye udongo wenye kutu huoni rangi). Cha pili ni kipimo cha peroksaidi. Unachukua gramu 2.5 za udongo uliokaushwa na kusagwa kuwa unga, unaweka kwenye chombo kikubwa cha kioo kinachostahimili moto, unamimina mililita 250 za haidrojeni peroksaidi ya 15%, unaacha ichemke yenyewe, ikitulia unaipasha moto taratibu kwa saa mbili hivi mpaka mapovu yaishe kabisa, inapoa, unapima pH. Ikiwa chini ya 4.5 una udongo ambao utazalisha asidi, haijalishi kipimo cha kwanza kilisema nini.

Sasa mambo ya kuangalia kwenye hicho kipimo:

- Fanyia nje, glavu na miwani, watoto mbali. Udongo wenye salfa nyingi unafoka ghafla, unakaa dakika kadhaa kama umelala halafu unaruka.
- Peroksaidi ya dukani mara nyingi imetiwa asidi kidogo isiharibike. Ipime kabla, ikiwa chini ya 4.5 ipandishe kwa matone ya soda kostiki, la sivyo kila sampuli itaonekana mbaya.
- Pima KABLA hujachanganya tope. Peroksaidi inaunguza mboji pia na inatoa asidi za kwake, majibu yanakuwa ya uongo.
- Chukua sampuli nyingi na usizichanganye zote kwenye ndoo moja. Asidi ya mgodi inakaa kwa mabaka, mita tatu tu unakuta tofauti kubwa. Na chimba hadi sentimita 50, juu panaweza kuwa pameshasafishwa na mvua wakati chini pamejaa.

Ukikuta ni mbaya peleka sampuli maabara, na useme waziwazi unataka salfa ya salfaidi (ile iliyoshikana na metali kama kwenye pairati), sio salfa yote. Jasi nayo ina salfa lakini haitoi asidi, ukihesabu yote utanunua chokaa usiyoihitaji. Hesabu yenyewe: kila 1% ya salfa ya salfaidi inahitaji kilo 31.25 za chokaa (kalsiamu kaboneti) kwa tani moja ya udongo. Hekta moja kwa kina cha sentimita 15 ni kama tani 2,000 za udongo, kwa hiyo 1% ni tani 62.5 za chokaa, na mimi naongeza robo juu yake kwa sababu chokaa haichanganyiki sawasawa. Ndio, ni nyingi. Ndio maana pH peke yake ilinidanganya, mimi nilikuwa nimeweka tani nne.

Chokaa gani? Mawe ya chokaa yaliyosagwa laini, laini kabisa, kwa sababu punje kubwa zinavikwa kutu ya chuma na kulala hapo bila kazi. Chokaa iliyochomwa inafanya kazi haraka lakini inapandisha pH hadi 12, na ikikutana na tope inafukuza naitrojeni yote kama gesi ya amonia, harufu yake hutaisahau. Majivu ya kuni ni mazuri ukiyapata. Na kama kuna mtambo unaolainisha maji magumu kwa chokaa, lile tope lao jeupe ni kalsiamu kaboneti laini tayari, mimi ningeanza na hilo kabla ya kununua chochote.

Hatua ya 3: Chagua tope, na usione aibu kukataa

Omba karatasi ya maabara. Kama hawana, lipia mwenyewe kipimo au achana nalo. Kanuni za Marekani za 1993 (Sehemu ya 503) zinasema tope bora kabisa lisizidi miligramu 300 za risasi, 39 za kadimiamu na 41 za aseniki kwa kilo kavu, na mimi natumia namba hizo hizo. Tope la mtambo unaopokea maji ya viwandani (ngozi, rangi, kupaka metali) nalikataa hata kama karatasi ni nzuri, kwa sababu karatasi nyingi hazipimi kemikali za PFAS (kemikali za viwandani zisizooza), na hizo zikishaingia ardhini hazitoki. Jimbo la Maine lilipiga marufuku kumwaga tope ardhini mwaka 2022 kwa ajili ya hizo.

Halafu mayai ya minyoo. Tope bichi linayo, na yanaishi muda mrefu. Lifanye mboji kwanza: lundo refu, nyuzi joto 55 au zaidi kwa siku 15, uligeuze angalau mara tano ili la nje liingie ndani. Nunua kipimajoto kirefu cha mboji, kuingiza mkono sio kipimo. Uwiano wangu ni toroli moja ya tope kwa mbili mpaka tatu za matawi yaliyosagwa au maranda.

Hayo maranda sio ya kupunguza harufu tu. Tope lenye naitrojeni 4%, ukiweka tani 100 kavu kwa hekta umeweka kilo 4,000 za naitrojeni, hakuna nyasi zinazoweza kula zote hizo, zitageuka naitreti na kushuka kwenye visima. Kaboni ya miti inaishikilia, lenga kaboni 25 hivi kwa naitrojeni 1.

Hatua ya 4: Kokotoa kwa uzito mkavu

Tope lililokamuliwa ni kama 20% tu vitu vikavu, mengine maji. Tani 100 kavu ni tani 500 za kubeba. Rafiki yangu alikuwa ameagiza malori kwa hesabu ya uzito mbichi, angepata moja ya tano ya anachohitaji. Kwa ardhi iliyokufa kabisa naweka tani kavu 50 hadi 100 kwa hekta, mara moja, sio kila mwaka.

Hatua ya 5: Pasua, weka, changanya

Ardhi iliyokanyagwa na mitambo ya mgodi ni ngumu kama sakafu, ipasue angalau sentimita 50 kwenda chini, kwa kufuata kontua, yaani kukata mteremko sio kushuka nao. Chokaa inaingia kwanza, ichanganye, iache ilowe wiki nne hivi ndipo ulete mboji. Sio lazima mvua kubwa, unyevu tu.

Kama maabara imeonyesha aseniki kwenye udongo wako, simama hapa. Aseniki haifuati tabia ya risasi na zinki. Zile zinatulia pH ikipanda, aseniki inaweza kulegea, na fosforasi iliyo kwenye tope inaisukuma itoke pale ilipokuwa imeshika. Ndipo tope la mtambo wa maji ya kunywa linapokuwa dhahabu, hasa lile la chuma, kwa sababu linanasa aseniki na fosforasi ya ziada. Jaribu kwenye ndoo kwanza: changanya, mwagilia, pima maji yanayotoka chini. La shabu nalo linanasa vizuri ila likizidi mimea inakosa fosforasi, majani yanakuwa ya zambarau, na usiliweke kabisa kabla pH haijavuka 5.5, alumini yake itayeyuka na kuchoma mizizi.

Hatua ya 6: Panda

Nyasi kwanza, ukoka unavumilia sana, jamii ya kunde mwaka wa pili. Funika kwa majani makavu.

Hatua ya 7: Rudi kupima

Usipande mboga wala mihogo hapo, na mifugo isiingie mpaka umepima majani, maana ng'ombe akichunga anakula na udongo. Pima pH kwenye sentimita 15 na 40 kila baada ya msimu wa mvua kwa miaka mitatu, na kisima kilicho chini ya mteremko pima naitreti. Ukiona pH ya sentimita 40 inashuka huku ya 15 imetulia, ongeza chokaa mapema, usisubiri nyasi zikuambie. Cha rafiki yangu kimesoma 6.6 juu na 6.1 chini, tunarudi tena mvua zikiisha.