Duka Likifungwa: Mazao ya Kula na Mali ya Kubadilishana

Tufanye mchezo mdogo wa kufikiri, ndugu mkulima. Umeamka asubuhi, simu haishiki mtandao, wakala wa pesa kafunga kibanda chake, lori la bidhaa halijapita wiki ya tatu sasa, na noti ulizoficha chini ya godoro hakuna anayezitaka. Jirani anapiga hodi. Mkononi ana kiberiti chenye njiti sita, anakuuliza, "Una nini tubadilishane?"

Utamjibu nini?

Nalipenda swali hili kwa sababu jibu lake liko shambani, na kwa sababu wazazi wetu walishalijibu nusu. Baada ya Vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979, fedha za kigeni zilikauka, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 maduka mengi ya Tanzania yalibaki rafu tupu. Sabuni, sukari, chumvi, mafuta ya taa, khanga, betri za tochi, vyote vilikuwa vya kupangia foleni. Unga wa mahindi ya njano yaliyotoka nje tuliuita Yanga kwa sababu ya rangi ya jezi. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, na mwaka 1984 serikali ikalegeza masharti ya kuagiza bidhaa. Nilikuwa mtoto Upare wakati huo. Mama alifua nguo kwa majani ya mpapai, na mkungu wa ndizi ulioshuka tambarare alfajiri ulirudi jioni ukiwa samaki wakavu wa Bwawa la Nyumba ya Mungu. Hatukulala njaa. Tulikosa vya dukani, lakini vya shambani vilikuwepo, na vya shambani ndivyo vilivyotuletea hata vile tulivyokosa.

Tangu nianze kazi ya kuzunguka mashambani, nimekuwa nikiwauliza wazee ni familia zipi zilipita miaka ile kwa nafuu. Wengi hawanitajii mwenye ghala kubwa. Wananitajia yule ambaye kila mtu alimwendea kuomba mbegu.

Mali inayobaki ukishaitoa

Gunia la mahindi ukilibadilisha kwa jembe, gunia limekwenda. Pingili za muhogo ukizibadilisha kwa jembe, kisiki chako kinachipua na mwakani una pingili nyingine. Marando ya viazi vitamu ni hivyo hivyo, na machipukizi ya migomba, na mbegu ya maharage, na jogoo wa mbegu anayekwenda kwa jirani siku tatu kisha anarudi nyumbani. Hii ndiyo mali ninayotaka uwe nayo kabla ya yote: ile ambayo mkono ukiitoa, shamba halipungukiwi.

Tuanze na muhogo, maana ndio mfalme wa siku za shida. Unakaa ardhini mwaka na zaidi ukikungoja, na hakuna ghala lililo salama kama ardhi. Shina moja zuri hutoa pingili tano hadi kumi. Chagua mmea wenye umri wa miezi 8 hadi 12, chukua sehemu ya katikati ya shina, kata urefu wa sentimita 20 hadi 30 wenye macho matano hadi saba. Usichukue mmea wenye majani yaliyojikunja na mabaka ya njano, hiyo ni batobato. Pasua na mizizi pia. Ukiona madoa ya kahawia yaliyokauka kama kizibo ndani ya nyama nyeupe, huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, na pingili zake ukimpa mtu umempa njaa ya mwaka ujao. Mpe mtu mbegu mbovu mara moja, habari itakutangulia gulioni. Pwani waulize wakulima juu ya Kiroba, Kanda ya Ziwa juu ya Mkombozi; ni mbegu zilizochaguliwa kwa kustahimili magonjwa hayo.

Wengine hupenda muhogo mchungu kwa sababu nguruwe pori na wezi hawaugusi. Ni kweli, lakini una sumu, na hapa sicheki na mtu. Mwaka 1981 huko Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, ukame uliacha watu na muhogo mchungu peke yake, wakaharakisha kuutayarisha kwa sababu ya njaa, na zaidi ya watu 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu ghafla. Ugonjwa huo unaitwa konzo, na miguu ikishapooza hairudi kama zamani. Haraka ndiyo iliyowaumiza. Kwa hiyo muhogo mchungu menya, loweka siku tatu mpaka ulainike, uvunjevunje, anika mpaka ukauke kabisa, ndipo utwange. Kama unga umeshasagwa na una wasiwasi nao, uloweshe kwa maji, utandaze kwenye sinia tabaka jembamba juani kwa saa mbili, au kivulini kwa saa tano, sumu itoke na hewa, kisha upike siku hiyo hiyo. Na muhogo usiliwe peke yake siku zote. Maharage, kunde, dagaa au yai huupa mwili kinachohitajika kupambana na sumu iliyobaki.

Viazi vitamu vina shida moja tu: kiangazi kikali huua marando, na mvua ikinyesha kila mtu anatafuta mbegu siku ile ile. Hapo ndipo penye biashara yako. Wakati wa kuvuna, tenga viazi vidogo visivyo na tundu la fukusi, vipange ndani ya beseni la mchanga mkavu, visigusane, vifunike kwa mchanga, weka ndani ya nyumba mahali pa baridi. Wiki sita hadi nane kabla ya mvua, vihamishie kwenye kitalu karibu na maji ya kuoshea vyombo. Kila kiazi kitatoa makumi ya marando. Siku ya mvua ya kwanza, mwenye kitalu ndiye benki ya kijiji. Vingine vifanye michembe au matobolwa kama wafanyavyo Wasukuma, maana kiazi kilichokaushwa kinabebeka kichwani mpaka gulio la mbali.

Kwenye mahindi, ujue unachopanda. Mbegu chotara inazaa sana mwaka wa kwanza, lakini ukirudia punje zake mavuno yanashuka na mimea haifanani. Duka la pembejeo likifungwa, chotara imekwisha. Hivyo hata kama shamba lako kubwa ni la chotara, tenga robo eka kwa mbegu inayorudiwa kama Staha, TMV-1 au Situka, na kwa walioko Kenya sehemu kame, Katumani. Ipande mita 200 mbali na mahindi mengine, au uipishe wiki tatu hadi nne ili isichanue pamoja na ya jirani. Chagua mahindi ya katikati ya shamba, siyo ya pembeni, kutoka kwenye mimea mingi, 50 na kuendelea. Uchague mmea ukiwa bado umesimama, maana hindi kubwa ghalani halikuambii kama mama yake alianguka kwa upepo.

Kwanza tumbo

Kabla hujabadilisha punje moja, piga hesabu. Mtu mmoja kwa siku hula gramu 400 za nafaka, kwa wastani wa mkubwa na mdogo. Nyumba ya watu sita ni kilo 2.4 kwa siku, karibu kilo 876 kwa mwaka, yaani magunia tisa ya kilo 100. Hayo hayaendi sokoni hata uletewe redio. Nimeona watu wakitoa debe la mahindi mwezi wa saba kwa kitu cha starehe, wakalitafuta debe lile lile mwezi wa pili kwa mbuzi.

Na yakauke vizuri. Chukua chupa kavu, tia punje na chumvi kavu kidogo, tikisa, subiri robo saa. Chumvi ikishika kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado yana maji, rudisha juani. Dumuzi, yule mdudu aliyeingia Tabora enzi hizo hizo za uhaba na watu wakamwita Skania kwa jinsi alivyokomba maghala, anageuza gunia kuwa unga wa vumbi ndani ya miezi michache. Mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa inamwua bila dawa, mradi usiitoboe. Usiifungue pia kila wiki kwa kuchungulia. Ikikosekana, panda ulezi. Punje zake ni ndogo hata wadudu hawazitaki sana, hukaa ghalani miaka mingi, na uji wake mgonjwa na mzazi watautaka, kwa hiyo thamani yake haishuki. Maharage yapake mafuta ya kula, mililita tano kwa kila kilo, uyachanganye vizuri mpaka yang'ae. Kijiko kimoja cha chai kinaokoa kilo nzima.

Chenji ya kijijini

Mbuzi ni noti kubwa. Huwezi kumkata mguu ili upate sindano. Unahitaji vitu vya kuchenjia, na cha kwanza ni kuku wa kienyeji. Yai ni shilingi, kifaranga ni shilingi tano, tetea ni noti. Na hii ni fedha inayojizalisha kila siku 21. Adui yake ni mdondo, ambao ukiingia unafuta banda zima. Chanjo ya I-2 ni tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, na sababu ya kuipenda ni kwamba inavumilia joto kuliko chanjo nyingine, hata kijiji kisicho na friji kinaweza kuifikisha. Chanja leo, wakati chanjo ipo. Fuga na bata wawili watatu, kwa kuwa mdondo hauwaui kama unavyoua kuku, na siku banda likifagiliwa utakuwa na pa kuanzia.

Chumvi haichipui, lakini bila chumvi hakuna chakula kinachoshuka. Wazee wetu walisafiri siku nyingi kufuata chumvi ya Uvinza na magadi ya maziwa ya Bonde la Ufa, na huko nyuma jembe la chuma lilifanya kazi ya fedha na hata ya mahari. Wahunzi wa Upare walifua chuma kilichovuka mpaka Uchagani. Ukihesabu gramu tano kwa mtu kwa siku, nyumba ya watu sita inatosheka na kilo 11 kwa mwaka. Weka ndoo moja ya kilo 20 yenye mfuniko na ziada ya kilo 9 ni ya kubadilisha kijiko kwa kijiko.

Sabuni unaweza kuitengeneza. Choma maganda makavu ya ndizi au kuni ngumu, majivu uyatie kwenye ndoo yenye matundu na nyasi chini, mimina maji ya mvua polepole, kinga yanayochuruzika. Yachemshe yapungue mpaka yai bichi likielea kwa kuonyesha kipande kidogo tu juu. Changanya na mafuta ya nazi, ya alizeti au ya mnyama, koroga juu ya moto mdogo mpaka iwe nzito. Itakuwa sabuni laini ya kuchota, siyo mche, lakini inatoa uchafu. Maji haya yanaunguza ngozi na macho, watoto wakae mbali, na usitumie sufuria ya alumini kwani yataitafuna. Chungu au chombo cha chuma kinafaa. Ukiwa na alizeti nusu eka na mzinga wa nyuki mmoja, una mafuta, sabuni, asali isiyooza na nta ya mshumaa. Mwenye hivyo vinne atatembelewa sana.

Kupima na kupatana

Bila mizani watu hugombana, na ugomvi huua gulio haraka kuliko njaa. Rudi kwenye kibaba na pishi. Vibaba vinne ni pishi moja, na pishi Waislamu wanaijua kila Ramadhani wanapotoa zaka ya fitri. Kijiji kikubaliane juu ya bakuli moja, likae kwa mtu anayeaminika, na kila mmoja achonge lake kwa kulipima na lile. Mkubaliane pia juu ya kufuta, yaani kusawazisha kwa kijiti, maana kichuguu kinachoachwa juu ya kibaba ndicho chanzo cha maneno.

Toa nyongeza kidogo kila mara, hata ni limao moja. Mgeni atarudi kwako. Badilisha na watu wa ardhi tofauti na yako: wa mlimani atafute wa tambarare, wa shamba atafute wa ziwa au wa ng'ombe, kwa kuwa jirani yako wa karibu anavuna unachovuna, siku unayovuna. Ahadi za kulipa msimu ujao zifanyike mbele ya mtu wa tatu. Na usidharau mikono. Fundi baiskeli, mhunzi, mkunga, mtu anayejua kuchanja kuku, hao hawabebi kitu gulioni na hurudi wamejaza kapu. Mpeleke mwanao mmoja kwa fundi likizo hii.

Kama unavuna muhogo mwezi huu, usichome mashina. Yafunge mzigo mmoja mmoja, yasimamishe chini ya mwembe, ncha ya chini ifukiwe udongo wenye unyevu kidogo, yatadumu wiki kadhaa. Kisha mwite yule jirani mwenye njiti sita.